Kitambaa cha Rangi ya Chai

Wiki iliyopita mjukuu wangu alimwaga chai ya rangi juu ya kitambaa changu cheupe cha meza, akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Alikimbilia ndimu, akakimbilia chumvi, akaniomba radhi mara tatu. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale nacheka hadi machozi yananitoka. Doa lilikuwa linatanuka polepole, katikati limekolea na pembezoni limefifia, na pua yangu imejaa hiliki na tangawizi. Nilimwambia aache kusugua. Nikaenda kufungua kasha langu, nikatoa kutoka chini kabisa kitambaa cha bafta kisichozidi viganja viwili, nikakilaza kando ya doa lile. Rangi zilikuwa moja.

"Bibi, na hiki nacho ulikimwagia chai?" aliniuliza.

Kilimwagiwa chai, naam, na kwa makusudi. Kina pindo pande tatu, na upande wa nne umechanwa, nyuzi zake zinaning'inia. Mara nyingi nimeshika sindano nikitaka kuupinda upande huo, na mara zote nimeirudisha sindano mahali pake. Wenzangu wa rika langu mtanielewa nikianza kueleza. Walio wadogo wavumilie kidogo.

Zama zetu, mama hakusema na binti yake mambo ya mwili. Angeweza kukufunza kupika, kushona, kumpokea mgeni, na kukaripia mpaka usikie kwenye mifupa, lakini jambo hilo moja alilipita mbali. Ulipovunja ungo, yaani ulipoona damu yako ya kwanza, ulikabidhiwa kwa somo. Somo alikuwa mwanamke wa makamo, si ndugu yako wa karibu, na kazi yake ilikuwa kukufunza usafi, adabu na hesabu za siku zako. Wewe ukawa mwari wake, mpaka umri wako wote.

Somo wangu alikuwa Bi Mize. Alikaa nyumba iliyoelekeana na yetu, Mjini, karibu na Darajani, katika uchochoro mwembamba hivi kwamba watu wawili wenye vikapu wakikutana mmoja ilibidi arudi nyuma. Dirisha lake la juu na dirisha letu la juu yalikuwa yanatazamana. Mama alikuwa akimpa Bi Mize chumvi kwa upawa, mkono huu mpaka ule, bila ya mtu kushuka ngazi. Lakini mazungumzo ya mwari na somo yasingepita pale juu kwa juu, kwa sababu chini kabisa kulikuwa na baraza, na barazani hawakukosekana wanaume, na uchochoro ule ulipokea neno la mtu ukalirudia mara mbili.

Bi Mize alikuwa na dawa ya kila kitu. Alinipa vitambaa viwili, vidogo, kila kimoja na pindo zuri. Kimoja chekundu, kimoja cheupe. Cheupe kilikuwa kipande cha bafta kilichobaki kwenye kofia za Mama, maana Mama alikuwa akishona kofia za viua, na nyumba yetu haikukosa vipande vya bafta hata ndani ya wali.

"Sikiliza vyema," aliniambia. "Ukiona damu, tundika chekundu kwenye nondo za dirisha. Mimi ntajua kwamba husali, hufungi, wala hugusi msahafu. Halafu itafika siku damu ikatike, uone weupe. Weupe ndio alama ya mwisho. Siku hiyo ukoge, mwili mzima na nywele, kisha uanue chekundu utundike cheupe. Umefahamu?"

"Nimefahamu, Somo."

Sikuwa nimefahamu, lakini nilipenda sana hivyo vitambaa. Nilijiona nahodha mwenye bendera zake.

Miezi miwili ya mwanzo mambo yalikwenda sawa. Mwezi wa tatu, siku chache baada ya kuoga na kutundika cheupe, niliona weupe mwengine. Ulikuwa mwepesi, unateleza, unavutika kama ute wa yai. Nilisimama chooni nikiwaza. Somo alisema weupe ni mwisho. Mwisho wa nini sasa, na mwanzo sikuuona? Nilijibu mwenyewe, kwa akili zangu za miaka kumi na tatu, kwamba bila shaka siku zangu zilikuja usiku nikiwa nimelala zikaondoka kabla ya alfajiri, na mimi sina habari. Nikaoga. Mwili mzima, na nywele.

Siku ya pili nikauona tena. Nikaoga tena. Siku ya nne, tena. Na kwa vile niliamini kwamba nimekuwa nikisali bila tohara, nilizirudia sala zangu zote za juzi na jana, moja baada ya moja, mpaka magoti yakaniuma. Kitambaa cheupe nacho kilikuwa hakina kazi, kwa sababu kilikuwa kimeshatundikwa tangu mwanzo. Nilikianua na kukitundika upya, kwa heshima tu.

Nywele zangu zikawa hazikauki. Maji yenyewe yalikuwa ya kuteka mferejini na kupandishwa ngazi kwa ndoo, na Mama alianza kulalamika kwamba nyumba ina samaki. Kisha akaacha kulalamika, akaanza kuninusa. Alinitazama machoni kwa muda mrefu. Siku moja nikamsikia akimnong'oneza jirani kwamba mtoto anaoga, anaoga, anaoga, na hakuna aogaye namna ile isipokuwa ameitwa na wa baharini. Kesho yake nikanyweshwa kombe, maji ya zafarani yaliyooshewa maandishi matakatifu, bakuli zima, ili jini anitoke. Kombe lilikuwa na harufu ya waridi na nilikunywa kwa raha. Jini hakutoka kwa sababu hakuwepo, na mimi niliendelea kuoga.

Nayasema haya kwa kucheka, lakini mjue kilichokuwa kinanisubiri. Nilikuwa namaliza chuo. Nilikuwa nimeusoma msahafu wote kwa Bi Maalim, mwalimu wetu wa watoto wa kike, na zilikuwa zimebaki sura fupi za mwisho tu, ambazo kwa desturi huachwa zisomwe siku ya hitima, yaani sherehe ya kuhitimu, mbele ya wanawake wote. Siku ilishapangwa, Alhamisi baada ya alasiri. Kanzu yangu ya hariri ya rangi ya zabibu mbichi ilishashonwa. Halua ilishaagizwa. Na Bibi yangu, mama yake Mama, alikuwa amekuja kutoka Tumbatu kwa ajili yangu.

Bibi hakuwa mtu wa kutoka kisiwani kwake. Mji ulimkera, alisema una kuta nyingi na upepo kidogo. Lakini alikuja, na kikapu cha pweza mkavu na maneno ya utani mdomoni. Kama walivyo mabibi wote, aliniita mke mwenzake, kwa kuwa Babu alikuwa akiniita mkewe.

"Mke mwenzangu," alisema siku aliyofika, ananishika kidevu, "mume wetu kazeeka, n'nakuachia. Mimi nimekuja kusikia kisomo tu. Nisikie kwa masikio yangu, kisha Ijumaa asubuhi n'napanda gari la shamba, kisha chombo, n'nakwenda zangu. Sijui kama ntakuja tena, miguu hii haina ahadi."

Aliyasema kwa kicheko, lakini mimi nililisikia lile la mwisho. Nikaapa moyoni kwamba Bibi atasikia.

Alhamisi alfajiri niliamka na mikono yangu imekolea hina, nikanusa vidole, nikafurahi. Nikaenda chooni. Na pale, kwenye kitambaa cha ndani, nikaona doa. Halikuwa jekundu. Lilikuwa la kahawia, dogo, upana wa ukucha wa kidole gumba, limechanganyika na ule ute mweupe unaoteleza.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikaanza kufikiri. Kama ni damu, basi nimeingia, sigusi msahafu, hitima imevunjika, Bibi anaondoka kesho na hajasikia kitu. Kama ni weupe, basi nimetoka, nioge, nisome. Lakini ni vyote viwili! Mtu anaweza kuingia na kutoka kwa mlango mmoja kwa wakati mmoja? Nililia kidogo, kwa sauti ya chini, nikifuta machozi kwa nyuma ya mkono ili hina isiharibike. Wazo la kusema uongo lilinijia pia, sifichi. Ningenyamaza tu, nani angejua? Lakini ningewezaje kukishika kitabu kile mbele ya Bibi, na mimi mwenyewe sijui kama ninastahili.

Mwishowe nilifanya jambo la pekee nililoweza kulifanya. Nilikwenda dirishani nikatundika vitambaa vyote viwili, chekundu na cheupe, nikavifunga pembe kwa pembe.

Ilikuwa ni zama za vyama vya siasa, mtakumbuka. Kila siku watu walikuwa wakibishana barazani, na kila rangi iliyoonekana dirishani ilikuwa na maana yake. Haikupita muda nikasikia sauti ya mwanamme kutoka chini: "Jamani, hebu tazameni juu. Chama gani hiki kipya?"

"Nyekundu na nyeupe?" mwengine akajibu. "Hicho sikijui mimi. Labda cha wanawake."

"Basi tushashindwa," akasema wa kwanza, na baraza zima likacheka.

Dirisha la Bi Mize lilifunguka kwa kishindo. Alitazama vitambaa, akanitazama mimi, akatazama vitambaa. Kisha akatoweka, nikasikia makubadhi yake yanashuka ngazi za kwao na kupanda ngazi za kwetu. Aliingia chumbani anahema, buibui kalivaa nje ndani.

Chumbani hakuwepo mtu isipokuwa mimi na Bibi, aliyekuwa amekaa kitandani na kikombe chake cha chai ya asubuhi. Mama alichungulia mlangoni, akaona sura ya Bi Mize, akaelewa kwamba ni mambo ya somo na mwari, akarudi nyuma haraka.

"N'na chungu motoni," alisema. Hakukuwa na chungu wala moto, mkaa ulikuwa bado haujawashwa.

"Haya," Bi Mize akaniambia. "Umeingia au umetoka? Maana mimi sijaona mtu akapunga bendera za nchi mbili."

Nilimweleza yote kwa kigugumizi. Doa. Ute. Kisha nikamweleza na yale ya kuoga, mara saba kwa jumla, na sala nilizozirudia, na kombe. Niliposema kombe, Bi Mize alijishika mdomo kwa mikono miwili. Mabega yakawa yanacheza. Aliketi sakafuni kabisa.

"Ewe Mola wangu," alisema alipoweza kusema. "Mtoto kanyweshwa kombe kwa ute wake mwenyewe! Kosa langu, mwanangu. Kosa langu mimi. Nlikwambia weupe ndio mwisho, sikukwambia upi. Nami kila nikitazama naona cheupe kipo, nkadhani salama."

Kisha akaacha kucheka, akainuka. "Doa umeliona lini?"

"Alfajiri, Somo."

"Na mara ya mwisho kukoga? Ile ya kweli, ya baada ya damu?"

Nilikuwa nimeoga mara nyingi hivi kwamba siku zote zilikuwa zimelowa na kushikana, na sikuweza kuitofautisha ya kweli na ya bure. Nilimwambia sijui. Nikaanza kulia tena.

Bi Mize akenda dirishani, akamwita mfanyakazi wake wa kike amletee gilasi iliyo kando ya kitanda. Ilikuja kwa upawa, kama chumvi. Ndani yake mlikuwa na kokwa za tende.

"Ulidhani n'nakaa dirishani kwa kupunga upepo?" alisema. "Siku uliyoanua chekundu nlitia kokwa ya kwanza. Kila siku moja. Ukitundika tena chekundu, namwaga naanza upya. Haya, hesabu na mimi. Baina ya damu na damu lazima zipite siku kumi na tano za tohara. Zikifika kumi na tano, hatuna budi kungoja. Zikiwa chini yake, hiyo uloiona si hedhi."

Alizimwaga kiganjani mwake akafumba. Aliziweka juu ya mkeka moja moja, mimi nikihesabu kwa sauti. Saba. Nane. Tisa. Kiganja kilikuwa kimefumbwa, sikuweza kuona zimebaki ngapi. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Aliugeuza mkono wake, ukawa mtupu.

"Kumi na mbili," akasema Bi Mize. "Kajisafishe, weka kitambaa kingine, ikifika wakati tawadha, uvae kanzu yako usome. Si hedhi hiyo."

Nilimrukia shingoni. Aliniacha nimkumbatie, kisha akanikalisha na kunifunza, na safari hii alifunza kama mtu anayelipa kosa, hakuacha kitu.

"Mwili wa mwanamke haunyamazi siku hizo za baina," alisema. "Ukishakoga unakaa mkavu kidogo. Kisha unyevu unaanza, mzito, mweupe kama maji ya mchele. Ukifika katikati unakuwa ute wa yai, unateleza, unavutika. Kisha unarudi mzito, unapungua, mpaka damu nyengine. Huo hauna josho, unatawadha tu. Weupe wa kukogea ni ule unaofuata damu."

"Na doa, Somo?"

"Wako wanaoliona hapa hapa katikati, pamoja na ute, nusu siku likaisha. Wako wanaoliona siku moja mbili kabla ya damu yenyewe. Hasa nyinyi wapya, mwili bado haujazoea kazi yake. Litazame, lihesabu, lisikutishe. Lakini likija na kurudi kila mara, au likawa damu ya kujaza sodo, au huo unyevu ukageuka rangi ya majani, ukanuka, ukawasha, hapo usitundike kitu. Njoo mbio, nkupeleke kwa mkunga."

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa na watoto wangu, mkunga mmoja aliyesoma alinieleza kwamba ute ule na doa lile la katikati huja pale yai la mwanamke linapotoka. Nilimjibu kwamba najua, nilifunzwa kwa kokwa za tende. Alidhani natania.

"Sema tena," tukasikia asubuhi ile kutoka kitandani.

Alikuwa Bibi. Tulimsahau. Kikombe chake kilikuwa mkononi, hakijashuka wala hakijapanda.

"Niseme lipi, bibie?" akauliza Bi Mize.

"Hilo la doa. Kwamba si hedhi."

Bi Mize akarudia, polepole, kwa adabu. Zikiwa siku hazijafika kumi na tano, si hedhi. Bibi alikitua kikombe juu ya stuli. Alitazama mikono yake.

"Mimi nilisoma msahafu wote," alisema. "Mke mwenzangu, wewe hulijui hilo, na mama yako halijui. Nilisoma wote, zikabaki hizo hizo sura za mwisho. Siku ya hitima yangu nikaona doa kama lako. Rangi hiyo hiyo ya kahawia. Siku zangu nilikuwa nimezimaliza wiki ile nyengine, nakumbuka kama jana. Sikumwambia mtu. Nilisema tumbo linaniuma, nikajifunika shuka. Watu wakala wali, wakaondoka. Nikaona haya kurudi chuoni, nikaona nimetiwa alama. Kisha harusi, kisha watoto. Tangu siku ile sijaufungua."

Hakulia. Alikuwa kama mtu aliyepata kitu chake ndani ya nyumba ya jirani, anakigeuza geuza kuhakikisha ni chake. Mimi ndiye niliyelia, kwa ajili yake, na sikujali tena hina.

"Lilikuwa doa tu," akasema Bibi. Kisha ghafla akaanza kucheka, kicheko chake kikubwa cha Tumbatu. "Miaka yote hii! Lilikuwa doa tu!"

Bi Mize alifuta macho kwa buibui lake. Akaenda dirishani akavianua vitambaa vyangu, akavitazama. "Vimepungua," alisema. "Hakuna rangi ya hili." Alitazama huku na huku chumbani, akachukua kipande kingine cha bafta kutoka kwenye kikapu cha Mama, kilichokwisha pindwa kwa sababu Mama hakuweza kuona ukingo bila kuupinda, na kabla hatujajua anafanya nini akakitumbukiza ndani ya kikombe cha Bibi.

"Chai yangu!" Bibi akapiga ukelele.

"Ntakupa nyengine, bibie. Hii nna kazi nayo."

Alikikamua, akakikung'uta, akakitundika kwenye nondo peke yake. Rangi ya kahawia, isiyo nyekundu wala nyeupe. "Ukiona doa, hiki," aliniambia. "Maana yake: Somo, nimeona kitu, njoo tuhesabu." Kutoka barazani sauti ikasema kwamba sasa vyama vimekuwa vitatu.

Baada ya alasiri chumba kilijaa. Udi ulifukizwa mpaka ukaingia kwenye sinia la halua. Doa lilikuwa limeshakwisha tangu adhuhuri, nilikuwa nimetawadha, kanzu ya zabibu mbichi ilikuwa inanibana kwapani na sikujali. Bi Maalim aliniweka mbele ya marufaa, kile kibao cha kuwekea msahafu, akafungua penye ukurasa. Bibi alikuwa ameketi ubavuni mwangu.

Nilisoma sura ya kwanza. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, ikanyooka. Nilipofika mwisho wake nilinyamaza kuvuta pumzi, na nikasikia kwamba midomo ya Bibi inakwenda. Alikuwa anasoma kimya kimya, macho kwenye ukurasa, kidole kimeinuliwa hewani juu ya mstari na hakithubutu kuugusa.

Sikumwomba mtu ruhusa. Nililisogeza lile marufaa mpaka likawa nusu mbele yangu na nusu mbele yake, nikakishika kidole chake nikakiweka juu ya karatasi. Bi Maalim akataka kusema kitu. Bi Mize, kutoka mlangoni, akamtikisia kichwa tu, na Bi Maalim akanyamaza.

Bibi alianza chini sana, kisha sauti ikapanda. Alisoma kwa mvuto wa kizamani ambao mimi sikufunzwa, mrefu, wenye mawimbi. Macho yake hayakuwa mazuri, lakini kidole kilijua njia. Tulisoma pamoja mpaka sura ya mwisho, na tulipofunga, vigelegele vilitoka chumba kizima na kutoka dirisha la pili ng'ambo ya uchochoro. Walidhani wanampigia mtoto. Mimi na Bibi na Bi Mize tulijua kwamba wamehitimu wawili. Mama alikuwa mlangoni na sahani za bisi, anatutazama, na sura yake ilikuwa na kitu ambacho sikuweza kukisoma.

Ijumaa asubuhi, kikapu cha Bibi kimeshafungwa, alinyoosha mkono dirishani akakianua kitambaa cha chai. "Mke mwenzangu, tugawane," alisema. "Kwetu kuna wasichana, na hakuna wa kuwaambia." Bi Mize, aliyekuja kumuaga, alikitia meno pindoni, akakichana katikati, kila mmoja nusu yake. Hiyo ndiyo sababu ya upande usio na pindo.

Ilipita kama mwaka. Siku moja jirani yake Bibi, mwanamke mmoja wa Tumbatu, akatufikia na salamu na pweza mkavu. Mimi nilikuwa nachambua mchele, Mama anashona kofia kando yangu.

"Bibi yako hajambo," mgeni aliniambia. "Kwake hapana nafasi, wasichana tele kila alasiri, anawasomesha. Na kaniambia nikwambie: kile kitambaa mlichompa amekikata, amekikata, mpaka kimekwisha. Anataka chengine. Anasema safari hii kiwe kikubwa."

Nilijiinamia juu ya ungo wa mchele, uso unawaka moto, kwa sababu Mama alikuwa pale pale na asingetakiwa kusikia. Mama alichomeka sindano kwenye kofia. Akasimama.

"N'na chungu motoni," alisema, akatoka.

Nilipomfuata jikoni, mgeni ameshaondoka, chungu kilikuwa motoni kweli, kimejaa majani ya chai, hakina sukari. Kando yake, juu ya kibao, alikuwa amekunjua bafta nzima iliyonunuliwa kwa kofia za mwezi mzima, na mkasi juu yake. Hakunitazama usoni. Alinisukumia ncha moja ya kitambaa.

"Shika huko, mwanangu," alisema. "Tukate."